Vijiti vya Kantonye kwenye Mteremko wa Bogoro

Siku yangu ya kwanza kazini nilinyoosha vijiti vitatu. Kosa lenyewe ndilo hilo, naliungama kabla hamujacheka. Na kwa kuwa nilianza kazi alfajiri nikastaafu kabla ya saa sita, kumbukumbu zangu ni fupi kuliko za wazee wengine.

Vita ilitutoa Bunia, mama, mutoto wetu mudogo na mimi, tukafika Bogoro. Masomo yalikuwa yamefungwa. Barabara ya kushuka ziwani ilikuwa na watu wa bunduki, kwa hiyo wakimbizi walikata mteremko kwa miguu kwenda Tchomia, kule chini ziwani, na mvua ilikuwa imelainisha udongo. Aliyewapitisha ni Shefu Kantonye, ndivyo tunavyomuita mutengenezaji wa barabara. Hakuna ofisi iliyomutuma tena, lakini kila asubuhi alikuwa kule juu na jembe lake. Nilimuomba kazi. Akanituma nitangulie, nikaangalie kama vijiti vyake bado vinasimama.

Vilikuwa vinasimama, mustari mumoja kukata mteremko, ila vitatu vya katikati vililala kidogo. Nikavinyoosha vizuri sana. Nikajiona nimeshapanda cheo.

Shefu akafika na watu kama ishirini, mama mbele, mutoto mugongoni. Akawaeleza namna ya kupita: mumoja mumoja, kila mutu angoje wa mbele afike kwenye jiwe kubwa, hakuna kusimama katikati, na muzigo usifungwe sana, ili mutu aweze kuutupa. Kisha akawaonyesha vijiti. Jana yake alivipanga sawasawa kwa kufuata kamba iliyovutwa. Udongo ukianza kutembea, alisema, macho hayaoni, lakini mustari unapinda.

"Leo umenyooka. Mama, tangulia."

Mama akanyanyua mguu.

"Shefu, ni mimi nilivinyoosha."

Mimi ninayechekesha darasa zima, siku hiyo hakuna aliyecheka. Shefu hakupandisha sauti.

"Vilikuwa vinalala upande gani?"

"Upande wa chini, wa bonde."

Akamushika mama mukono, akamurudisha. Akatuzungusha wote kwa njia ya juu, masaa matatu ya matope. Tulikuwa bado tunanung'unika tuliposikia mteremko unashuka, pamoja na miti yake. Hapo Shefu akaniambia kazi yangu imeisha, nifuate mama yangu. Yeye akarudi kupanda vijiti vingine, sababu kesho yake wengine wangekuja.

Sasa niko darasani tena. Mwalimu wa jiografia anatufundisha theluji ya Ulaya, namna inavyoporomoka na kuzika watu wanaotembea milimani. Wenzangu wanauliza theluji iko namna gani. Mimi naona udongo mwekundu, na muzee anayeusoma kuliko mwalimu anavyosoma kitabu chake.

Siku ile, mulima ulipotulia, wamama wengine walinisifu kwa kusema ukweli. Mama aliwaacha wamalize. Akafungua kitenge, akanipa mutoto nimubebe.

"Fimbo ya kukuchapa iko," akasema. "Lakini tufike Tchomia kwanza."