Handaki Lililoitikia Salamu Tu

Ijumaa, saa nne kasorobo asubuhi, pikapu ya shirika iliegeshwa mbele ya zahanati mjini Migori ikiwa na masanduku mawili ya kompyuta mpya. Damaris Nyamusi aliyaona kupitia dirisha, akajua kwamba hayakuletwa kumsaidia. Yaliletwa kuchukua mahali pa kazi yake.

Nyamusi ana umri wa miaka thelathini na mmoja. Alizaliwa karibu na Kehancha katika familia ya wakulima wa tumbaku, akasomea kompyuta, akaajiriwa na shirika dogo linaloendesha zahanati tisa kati ya Migori na Homa Bay. Alikuta mashine kuukuu za msaada ambazo mifumo ya kawaida ilizilemea. Akachukua kiini cha mfumo wa jamii ya Unix, kile ambacho mtu yeyote anaruhusiwa kukibadilisha, akakipunguza na kukiandika upya kwa miaka miwili hadi kikaenea katika mashine zile. Kiini ndiyo sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, inayoamuru kumbukumbu, diski na mtandao. Humo humo aliandika handaki: njia iliyofungwa ndani ya intaneti ya kawaida, ambamo habari za wagonjwa husafiri zikiwa zimefunikwa hadi kwenye seva ya makao makuu, Homa Bay.

Kwa wiki mbili handaki hilo lilikuwa limemsumbua. Majina na umri wa wagonjwa vilifika Homa Bay, lakini picha za eksirei hazikufika. Daktari pekee wa kuzisoma yuko huko, kwa hiyo wagonjwa wa Migori walianza kuzipeleka wenyewe, mkononi. Mkurugenzi, Madam Pamela, akatoa uamuzi: ikiwa hadi saa sita mchana siku ya Ijumaa hakuna picha iliyofunguka Homa Bay, mfumo wa Nyamusi ungeondolewa katika zahanati zote tisa, na yeye mwenyewe angeondoka nao.

Madam Pamela alishuka garini pamoja na Jacktone, mkuu wa teknolojia wa shirika, ambaye aliupinga mfumo huo tangu siku ya kwanza.

"Habari ya huku, nyar Kehancha," Jacktone alisema, yaani binti wa Kehancha, na hakungoja jibu. Alitazama karatasi zilizojaa tarakimu ukutani. "Hizi ni za nini? Siku hizi unapiga ramli?"

"Ni vipimo."

"Vipimo ninavyo mimi."

Akatupa daftari mezani. Kila kituo kilikuwa na daftari kama hilo, na kanuni yake aliitunga Jacktone mwenyewe: kila siku saa mbili asubuhi, upande mmoja hutuma salamu fupi kupitia handaki, na jibu likirudi, mtu huandika "hai" na kutia sahihi. Siku kumi na nne, hai kumi na nne.

"Barabara ni nzima, Madam," alisema. "Lori lake ndilo bovu. Huyu dada ameandika kiini kama mtu anayeshona suruali gizani."

"Jaduong', hata wewe nikikusalimia unaitika," Nyamusi alijibu, akimwita mzee ingawa walipitana miaka sita tu. "Haimaanishi utabeba gunia."

Madam Pamela hakucheka. Alivuta kiti, akaketi karibu na mlango. "Mna saa mbili. Tukananeni mkifanya kazi."

Nyamusi aligeukia skrini. Neno alilolisema kwa hasira lilikuwa limemrudia. Nyumbani kwao majani ya tumbaku hufungwa kwenye fito kabla ya kutundikwa bandani, na mama yake alikuwa akikataa ufito uliojazwa kupita kiasi, kwa sababu majani ya katikati huoza huku ya nje yakionekana mazuri. Salamu ya Jacktone ilikuwa na baiti hamsini na sita, yaani uzito wa herufi chache tu. Hakuna aliyewahi kuibebesha mzigo mzito.

Akatuma salamu ya baiti mia tano. Ikaitikiwa. Elfu moja, ikaitikiwa. Elfu moja na mia tatu, ikaitikiwa. Alipofika 1,372 jibu lilirudi. Alipotuma 1,373, kimya. Akarudia mara tano, ikawa vivyo hivyo. Kisha akaingia katika mashine za zahanati za Ndhiwa na Rangwe kutoka hapo alipoketi, akajaribu vilevile. Zote zilikwama katika tarakimu ile ile.

"Zahanati tatu, barabara tofauti, zinagonga ukuta mmoja," alisema. "Umeweka nini mlangoni Homa Bay?"

"Kifaa cha usalama. Ni kazi yangu."

"Lini?"

Jacktone alitazama saa yake. "Wiki mbili."

"Kinafunga kila kifurushi cha data kwa bahasha yake juu ya bahasha yangu. Nafasi ndani imepungua. Mzigo ukizidi, kinatakiwa kurudisha ujumbe kwamba nipunguze. Sijapata hata mmoja."

"Nilizima hizo jumbe."

"Ulizima?" Madam Pamela aliuliza.

"Zilikuwa zinajaza kumbukumbu za seva, Madam. Kila dakika Migori, Migori, Migori. Kelele tupu."

"Hizo kelele ndizo zilikuwa zinatuambia tatizo," Nyamusi alisema.

Jacktone hakushtuka. Alisogeza kiti chake mbele ya meza, polepole, kama mtu aliyekuwa akingoja zamu yake. "Sawa. Basi muulize kitu kimoja, Madam. Laptop yangu inapita mlango huo huo. Simu yako pia. Mbona zinapitisha picha, hata video, bila kuambiwa chochote? Ni mashine zake pekee zinazokufa. Muulize."

Nyamusi alikuwa amelijua jibu kwa nusu saa nzima. Lilikuwa wazi mbele yake katika faili ya handaki. Kiini kamili, mizigo mikubwa ikipotea bila jibu, hujaribu midogo chenyewe hadi mmoja upite. Sehemu hiyo ilikuwa mistari thelathini na minane. Alikuwa ameifuta ili kuokoa kumbukumbu, akiamini kwamba kila mlango ungesema unapokataa.

Angeweza kusema kwamba uchunguzi unaendelea. Madam Pamela asingejua tofauti.

"Niliondoa sehemu inayofanya hivyo," alisema. "Ni kosa langu. Ingekuwepo, picha zingefika hata akizima jumbe zake."

"Umesikia, Madam?" Jacktone alisema. "Amekiri mwenyewe."

"Nimewasikia nyote wawili. Picha iko wapi?"

Nyamusi akapunguza ukubwa wa vifurushi vya handaki hadi baiti elfu moja na mia nne, yaani zile 1,372 pamoja na ishirini na nane za anwani ya kila kifurushi, kwanza Migori, kisha vituo vingine vinane. Akatuma eksirei ya kifua iliyopigwa asubuhi hiyo. Madam Pamela akampigia daktari Lynnet huko Homa Bay, akaweka simu kwenye spika katikati ya meza. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

"Naona mbavu," Lynnet alisema hatimaye. "Kuna kivuli upande wa kulia, juu. Huyo mgonjwa bado yuko hapo? Asiende nyumbani."

Madam Pamela alisimama. Mfumo utabaki, alisema. Mistari iliyofutwa irudishwe kufikia Jumatatu. Jumbe za Homa Bay zifunguliwe sasa hivi, si mtu akifika ofisini.

Jacktone alipiga simu Homa Bay zifunguliwe, akiwa amewapa mgongo. Alipomaliza akamwambia dereva ashushe masanduku.

"Nimesema mfumo unabaki," Madam Pamela alisema.

"Ni akiba tu, Madam. Yakae karibu na yeye." Akamtazama Nyamusi. "Utakata kitu kingine. Mimi sina haraka."

"Na wewe utazima kitu kingine," Nyamusi alisema. "Weka pale pembeni."

Masanduku bado yako pembeni ya meza yake, hayajafunguliwa. Nyamusi ameweka daftari juu yake. Kila siku saa mbili asubuhi hutuma eksirei nzima badala ya salamu, na ikifika huandika ukubwa wake. Kutoka Homa Bay hurudi neno moja la Jacktone, "imefika", bila jina na bila habari ya asubuhi.