Efrazia wa Manundu na Diski ya Koikai

Efrazia alikuwa mpiga taipu kwenye ofisi ya shamba la mkonge. Shamba lilipouzwa kwa tajiri, akaambiwa yeye na mashine yake wote wamechakaa, aende zake. Hakulia. Alifungua kibanda Manundu, hapo Korogwe, akatafuta kompyuta kuukuu, akawa anachapa kadi za harusi na ratiba za mazishi. Kibanda kile ndicho kilichomlisha.

Windows yake aliwekewa na fundi Ernesti, ya kunakili, ya wizi mtupu. Kila flashi ya mteja ikileta virusi, Ernesti anafuta vyote, anaondoka akipiga mluzi. Hana haya yule! Wateja wakachoka, wakawa wanavuka barabara kwenda kwa Shida, mchapaji mwenzake wa ng'ambo, naye Shida anawaita kwa mkono, kabisa, Efrazia anaona.

Sasa asubuhi ya maziko ya mzee Kaleb, mashine ikagoma na ratiba imo ndani. Wafiwa wamejaa mlangoni.

"Tufute tu, mama," Ernesti akasema.

"Ufute wasifu wa marehemu? Toka hapa!"

Kwenye foleni alikuwepo Koikai, Mmasai wa Handeni, mwalimu wa kompyuta.

"Shikamoo mama. Nina diski, naomba nijaribu."

"Marahaba. Nayo ya wizi?"

"Hapana. Hii ni Linux, ya kuweka badala ya Windows, inaitwa Ubuntu. Wenyewe wameiacha wazi, kila mtu achukue, agawe."

Akawasha mashine kwa diski ile, kioo kikawa rangi ya udongo, na kazi zote za Efrazia zile pale, hazijaguswa. Wakachapa. Mzee Kaleb akazikwa na heshima zake.

Koikai akamwachia diski, basi Efrazia akahamia kwenye Ubuntu moja kwa moja. Mwanzoni alitaabika kama mtu aliyeingia jiko la mkwe, hata chumvi haioni. Lakini virusi vya flashi havikumsumbua tena, na wateja wakarudi.

Akabeba jogoo, akapanda basi mpaka Handeni kumlipa Koikai. Koikai akanuna.

"Mama, ile ni kama mtamba. Kwetu nikikupa ng'ombe hunilipi. Tunaitana *pakiteng*, ndugu wa ng'ombe, mpaka tunakufa. Akizaa, na wewe mpe mwenzio."

Mkewe Naisiae akacheka. "Jogoo tutamla, mama, lakini umekuja naye kama mgeni."

Efrazia alirudi anamshukuru Mungu kwa Mmasai yule, na kila siku anamwombea.

Haukupita muda, mashine ya Shida ikafa kwa virusi. Akavuka barabara, macho chini.

"Dada, nasikia unayo diski."

Efrazia alimwangalia. Akinyamaza tu, wateja wote wa Manundu ni wake. Tena alitamani kunyamaza, nani asingetamani? Lakini mtamba wa watu hafungiwi zizini.

"Shida, mimi sijakusamehe," akasema. "Lete mashine yako."