Brashi Yenye Uzi Mwekundu

Stenlesi ikichomelewa hubaki na ngozi nyembamba ya rangi: manjano, zambarau, buluu. Wateja huiona pambo. Mimi naichukia, maana isipoondolewa, kutu huanzia hapo hapo. Katika karakana yetu ya Bugene tuliiondoa kwa brashi moja tu ya waya wa stenlesi. Baba aliifunga uzi mwekundu kwenye mpini na kuapa kwamba atakayeisugulia chuma cha kawaida atafute kazi kwingine.

Mwaka juzi nilikereza shafti ya mashine ya kukamulia ndizi, ya kikundi cha akina mama wa Mabira, nikaichomelea mapanga yake. Asidi ya kumalizia, ile inayokula chembe za chuma zilizobaki, ilikuwa imetuishia. Nikasema brashi inatosha, nikasugua mpaka ikang'aa.

Baada ya wiki mbili mwenyekiti wao alikuja kwa bodaboda, shafti ameifunga kwenye kanga. Ilikuwa imejaa vidoadoa vya kutu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, juisi yetu inanuka msumari. Watu wanaitema."

Nina mdomo mwepesi. Nikamwambia mbele za watu kwamba wameisugua kwa majivu.

"Majivu ni ya sufuria," alijibu taratibu. "Hii tunaifuta kwa kitambaa."

Sikumwamini.

Kesho yake nilimkuta Baba amekaa kwenye kigoda chake, anasugua jembe la jirani huku akiimba wimbo wa kanisani. Mkononi mwake niliona uzi mwekundu. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, ila hakuna aliyethubutu kulisema. Kumbe chembe za majembe zilikuwa zimejaa kwenye brashi ile, nami nikazipandikiza kwenye shafti kwa mkono wangu. Nilipandwa na hasira, kisha nikaogopa. Namjua Baba: akijua, kiapo chake kitamtoa yeye mwenyewe.

Nikanyamaza. Nilifuata asidi Kayanga, nikaipaka shafti, nikaisuuza mpaka maji yakatandaa juu yake bila kujikusanya kuwa matone, dalili kwamba imetakata. Nikaipeleka Mabira mwenyewe na kumpigia magoti yule mama. Aliniuliza nani alikosea. Nikasema ni mimi, na kwa kuiruka asidi mara ya kwanza, sikuwa nadanganya.

Nilinunua pia brashi mpya ya stenlesi. Badala ya uzi, mpini wake niliuviringishia mpira wa tyubu ya baiskeli, mnene, ili vidole viujue.

Baba aliushika mpira ule, akaupapasa kwa muda mrefu.

"Huu umemfungia nani?"

"Nimejifungia mimi, Tata."

"Wewe unaona." Akasimama, akavua aproni yake, akaikunja vizuri na kuninyooshea. "Nilisema atakayekosea atafute kazi kwingine."

Sikuipokea. Nilimwekea jembe mapajani na brashi ya kawaida mkononi, kisha nikawasha mashine, ili asinisikie nikilia.