Lango Nililikagua, Ndugu Yangu Sikumuuliza

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka hata nikitaka kuisahau: siku niliyompeleka mdogo wangu Maduhu kutibiwa pombe, nikiwa nimechagua mahali kwa jicho la kukagua ng'ombe. Labda ningekuwa nimeshaipumzisha, lakini nyie watoto hamnipi nafasi. Juzi umefika hapa kwangu Bariadi, hata salamu yako ya mwangaluka sijamaliza kuiitikia, umeshanisogezea simu usoni. "Baba mkubwa, ona hiki kituo. Kina bustani, kina lango la umeme. Tumpeleke kaka Shija, pombe imemzidi." Nikaangalia lango, kweli linajifungua lenyewe. Nikakasirika, ukadhani nimekukasirikia wewe. Nilimkasirikia kijana mmoja wa zamani ambaye ni mimi, ingawa na wewe fungu lako lilikuwemo.

Kaa basi nikusimulie, na hiyo simu iweke mfukoni.

Wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na nilikuwa na sifa. Ng'ombe wa mahari wakiletwa katika ukoo wetu, mimi ndiye niliyeitwa kuwakagua. Kwato mbovu haikunipita, chuchu iliyokufa haikunipita, na ng'ombe aliyenyweshwa maji mengi ili aonekane kanenepa nilimjua kwa mwendo. Nikisema huyu arudi, wazee wanamrudisha bila neno. Sifa zile zilinilevya vibaya, na mtu aliyelewa sifa hana wa kumpeleka hospitali.

Maduhu, huyu baba yako mdogo unayemjua leo kwa mpunga wake na ukimya wake, alikuwa anaishi na mifugo huko upande wa Mwanhuzi. Tukasikia anakunywa gongo. Tukasema ni ujana. Baadaye tukasikia anakunywa tangu alfajiri, mikono inamtetemeka mpaka apate kikombe cha kwanza, halafu anaongea na mtu ambaye wengine hawamwoni. Ndipo tukamleta nyumbani, tukakaa kikao.

Vikao vya ukoo wetu unavijua. Baba mmoja akasema apelekwe kwa mganga, ni mambo ya mizimu. Mwingine akasema aombewe. Wa tatu akasema arudishwe machungani porini kabisa, ambako gongo haifiki, kana kwamba kuna pori gongo isikofika. Tulibishana toka asubuhi hadi ugali ukaletwa. Kila mtu alisema isipokuwa Maduhu, naye alikuwa amekaa pale zizini, hatua kama ishirini kutoka tulipokuwa. Hakuna aliyemwita. Ng'ombe haitwi kwenye kikao cha mahari.

Mwisho wakasema, "Masunga ndiye anajua kukagua, aende akatafute kituo." Nikavimba kichwa, nikaenda.

Nilikipata kimoja, mbele huko ukielekea Nyashimo. Jina lake silitaji, na siku hizi hakipo. Mwanangu, nilikikagua kile kituo. Nilisukuma ukuta kwa bega, nikautikisa mlango, nikahesabu bati, nikainama kuchungulia kisima. Vitanda vina vyandarua. Lango la chuma, kubwa, limepakwa rangi ya kijani. Mwenye kituo ana maneno laini, akaniambia, "Hapa pombe inaisha siku saba tu." Sikumuuliza daktari wao ni nani. Sikuuliza kama wana kibali. Sikuuliza wanamfanya nini mtu siku ile ya kwanza akikosa pombe. Nilirudi nyumbani nikawaambia wazee mahali pamefaa, na wazee wakaitikia kwa vichwa kama ilivyo kawaida yao nikishasema.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo naona aibu. Tulijua Maduhu akiambiwa atakataa. Kwa hiyo tukamdanganya. Nikamwambia twende mnadani tukaangalie dume, nataka macho yako. Alifurahi. Alioga, akavaa shati lake la kanisani, akatafuta na fimbo yake. Njia nzima alinieleza dume zuri linavyotakiwa kuwa, mikono ikimtetemeka. Tulipofika kwenye lile lango la kijani na vijana wawili wa kituo wakamshika, hakupigana. Aligeuka tu akaniuliza, "Kaka, dume liko wapi?"

Nikampa mgongo, nikaondoka.

Siku ya tatu nilirudi kumpelekea sabuni. Nikamkuta kwenye chumba cha nyuma, amefungwa kamba kwenye kitanda, mwili mzima unakakamaa, povu mdomoni, hanijui. Wakaniambia ni pepo la pombe linatoka, nisiwe na wasiwasi. Tangu nilipomwacha hajapewa tone la pombe, hajapewa dawa yoyote, na hakuna aliyesomea kazi hiyo aliyemtazama. Ule ukuta niliousukuma kwa bega ulikuwa imara kweli, hata kelele hazikutoka nje. Nilikata kamba mwenyewe. Nikasimamisha gari la mizigo lililokuwa limebeba pamba, mimi na dereva tukampakia juu ya marobota, tukakimbia naye hospitali, na njia yote sikuwa na uhakika kama nimebeba mtu au maiti.

Pale hospitali tulipokelewa na muuguzi mmoja, mama mtu mzima, mfupi, miwani imefungwa kwa uzi. Walipokwisha kumchoma sindano na mwili ukaanza kulegea, akaja kwangu na daftari. Akaniuliza alikuwa anakunywa kiasi gani kwa siku. Sijui. Ameanza lini? Sijui vizuri. Hizo sauti anazoongea nazo, zilianza kabla ya pombe au baada? Sijui. Kuna jambo lililompata? Nikaona aibu, nikaanza kumweleza kituo kilivyokuwa, kwamba nilikikagua mwenyewe, kwamba ukuta, kwamba vitanda.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akavua miwani.

"Baba, umenieleza lango, umenieleza bati, na kisima umenieleza. Mgonjwa bado hujanieleza. Huyu mtu amekunywa kila siku kwa miaka. Ukimkatisha ghafla bila mtaalamu wa kumsimamia, mwili unaweza kumuua, na ulikuwa umeshaanza. Kuuliza si ujinga. Ungemuuliza nani? Ungeanza na yeye mwenyewe."

Nilitaka ardhi inimeze.

Baada ya siku kadhaa Maduhu alipata fahamu. Daktari wa magonjwa ya akili akaketi naye, na mimi nikaruhusiwa kukaa pembeni kwa sharti la kufunga mdomo. Daktari akamuuliza swali dogo tu, "Ukiwa hujanywa, unasikia nini?" Na Maduhu akajibu papo hapo, kama mtu aliyekuwa anasubiri kwa muda mrefu mtu amuulize. Akasema anamsikia Ngolo. Ngolo alikuwa mtoto wake wa kike, alizama kwenye lambo huko Mwanhuzi siku ambayo Maduhu alimwacha ukingoni akafuata ndama aliyepotea. Tulimzika, tukamaliza matanga, tukarudi kwenye pamba zetu, tukadhani yameisha. Kumbe yeye kila kukiwa kimya alimsikia anamwita, na gongo ndiyo pekee iliyomnyamazisha. Kikao chetu chote tulibishana jinsi ya kumnyang'anya kikombe, hakuna aliyeuliza kikombe kinaziba nini.

Alitibiwa yote mawili pamoja, pombe na yale majonzi yaliyomharibu akili. Na sisi tuliitwa tukafundishwa namna ya kuishi naye, tukiwa tumenuna kama watoto waliochelewa shule. Usidhani iliisha siku saba. Alirudia kunywa mara mbili, mara zote mbili tukamrudisha bila matusi. Hadi leo ana siku yake ya kliniki, na ananiambia mwenyewe anapokwenda.

Basi, mwanangu. Juzi nilipokuuliza, "Shija mwenyewe anasemaje?" ulinitazama vilevile nilivyomtazama yule muuguzi. Unajua rangi ya maua ya kituo, hujui kaka yako halali tangu lini. Mnanichosha, kweli mnanichosha, kwa sababu simu mnazo, shule mmekwenda, na bado mnakagua lango.

Sitaki unielewe vibaya, Shija kituo anakihitaji, na asicheleweshwe, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Ila anza hospitali, apimwe, na asikatishwe pombe kwa ubabe wa mtu. Kituo chochote watakachokutajia, uliza nani anatibu na amesomea wapi, na kibali wakuonyeshe ukisome, usionyeshwe kwa mbali. Uliza kama wanatibu na akili au wanazuia chupa tu. Uliza kama mnaruhusiwa kumwona. Wakisema hamruhusiwi, au kuna kamba, au fimbo, geuza gari hapohapo. Anayekuahidi siku saba muage kwa heshima. Tafuta mtu aliyewahi kulala pale akueleze, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Uliza akitoka nani atamfuata. Na usimdanganye njiani. Hata akikataa leo, kesho mwambie tena ukweli uleule.

Maduhu amenisamehe mengi, lile la dume bado. Kila tukienda mnadani pamoja lazima aniulize, mbele za watu, "Kaka, leo dume lipo?" Watu wanacheka. Mimi sijawahi kucheka.

Haya, nenda. Shija uliyekuja naye leo yuko nyuma ya nyumba pale, amekaa peke yake, nimemwona tangu ulipoingia. Mungu akupe masikio kabla hajakupa miguu, akulinde na sifa za watu, na huyo kaka yako amrudishe akiwa mzima wa mwili na wa akili. Kaa naye chini umuulize. Mimi nipo hapa, na leo sisemi mpaka yeye amalize.