Amplifaya ya Baba na Masikio Yake

Iko Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo moyo hunichoma. Nilimkuta baba yangu ameketi sakafuni kando ya spika, kiganja kimetulia juu ya kitambaa chake, kaseti inazunguka, macho ameyafumba. Nilidhani anasali. Lakini hapo nitafika. Wacha nianzie mahali panapofaa, maana swali lako la jana halijibiki kwa neno moja.

Jana ulikuja na amplifaya yako mpya ndani ya mfuko, ukaiweka mezani kwangu kama mtu aliyeleta mtoto kubatizwa. Ukasema:

"Kukhu, hii kitu ni ya bei ya chini lakini inaimba kushinda zile za pesa mingi. Sasa wasee huko mtandaoni wanasema ukitoa hizi kapasita uweke zingine poa, inakuwa ingine kabisa. Niifungue ama niiwache?"

Nikakwambia unywe chai kwanza. Ulinuna kidogo, nilikuona. Ulidhani nyanya yako amezeeka, ameshindwa na swali. Mimi nimefungua redio za watu hapa Mbotela tangu nikiwa na meno yote, na kapasita, vile vipuri vidogo vya kuhifadhi umeme, nazijua kuliko ninavyojua dawa zangu za presha. Sikukujibu kwa sababu jibu langu lina baba yangu ndani yake, na siwezi kumtaja baba yangu haraka haraka.

Baba alikuwa fundi wa masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni. Miaka yote aliketi kule Shauri Moyo, bati mbele na nyundo mkononi, mafundi wenzake wakigonga kushoto na kulia. Kazi hiyo ilitulisha na kutusomesha, na taratibu ikamla masikio. Ukimwita ukiwa nyuma yake hakugeuka. Ukimuuliza jambo asilolisikia, alijibu "Ni sawa," akaendelea na chai yake. Hakupenda lizungumzwe, nasi watoto tukajifunza kutolizungumza.

Mama alifariki nikiwa kidato cha tatu. Alikuwa akifundisha kwaya kanisani, na sauti yake ilibaki kwenye kaseti moja tu, ambayo baba mwenyewe aliirekodi siku ya mazoezi. Kila Jumapili baada ya chakula aliicheza kwenye redio ndogo, sikio karibu ligusane na redio yenyewe. Redio hiyo ilipokufa kabisa, alisema sasa atanunua mashine ya maana, amplifaya yenye mahali pa kuchezea kaseti, na spika zake.

Sasa sikiliza alivyoinunua. Jumamosi tatu mfululizo alienda mjini, duka baada ya duka, ile kaseti ikiwa kwenye mfuko wa shati. Alimwomba mwenye duka aicheze kwenye hii, kisha kwenye ile. Alisimama mbele ya spika amefumba macho, akatikisa kichwa, akatoka. Jumamosi ya tatu nilifuatana naye, na nikaona aibu, sikufichi. Wauzaji walikuwa wanatazamana. Mwishowe akachagua amplifaya ya bei ya chini kuliko zote dukani. Mimi niliyekuwa nimemaliza kozi ya redio wakati huo huo, msichana peke yangu darasani, nikajisemea moyoni kwamba mzee amefuata bei.

Si kwamba ilikuwa mbaya. Ilikuwa na nguvu, safi, haikuunguruma. Walioijua waliisifu. Lakini masikio yangu ya chuoni yaliona kasoro. Sauti ya katikati ilikuwa kali, watu wakiongea ni kama wamekusogelea usoni, na besi ilikuwa nyembamba. Nikasema hii nikiirekebisha itashinda mashine za matajiri. Unaona, mwanangu, maneno yako ya jana si mageni kwangu.

Baba akaenda nyumbani Bungoma kwenye mazishi, akakaa wiki mbili. Nikasema akirudi atakuta zawadi. Nilinunua kapasita nzuri, nikaifungua amplifaya, nikalehemu siku tatu. Sehemu ya kupanga sauti niliigeuza yote. Ukali nikaulainisha, besi nikainenepesha. Vipuri vya zamani nilivifagia pamoja na vipande vya waya, nikavitupa kwenye taka, na taka ikaenda zake. Sikuandika hata namba moja, kwa sababu nani anaandika njia ya kurudi mahali asikotaka kurudi?

Nilipoiwasha, vijana wa laini yetu ya nyumba wote walijaa dirishani. "Nekesa, umetisha," walisema. "Hii hata disko mjini hawana." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi siku hiyo nililitia maji pipa zima. Nilitembea wiki nzima nikiwa na shingo ndefu.

Baba akarudi. Nilimkalisha kitini, nikaweka ile kaseti, nikamtazama uso. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mpaka upande wa kwanza ukaisha. Kisha akanishika mkono.

"Asante, mama," alisema. Aliniita mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. "Umefanya kazi nzuri sana."

Basi. Jumapili iliyofuata alisema amechoka, akalala. Nyingine akasema anaenda kuwatazama wagonjwa. Nyingine akatembea tu mpaka Jogoo Road akarudi. Wazee husema kimya kingi kina mshindo mkubwa, lakini kijana aliyesifiwa hasikii mshindo. Mimi nilidhani huzuni ya mama imeanza kumtoka, na nikafurahi kwa ajili yake. Fikiria ujinga huo.

Ndipo ikaja ile Jumapili niliyokutajia. Nilitoka kanisani mapema, nikafungua mlango, nikamkuta sakafuni, mkono juu ya spika. Nilimgusa bega.

"Baba, unafanya nini hapo?"

"Namtafuta mama yako," alisema. "Alikuwa hapa. Siku hizi namsikia kwa mkono tu."

Halafu akaona uso wangu, na akajuta kusema. Akainuka upesi, akajipangusa suruali. "Lakini ni sawa, mama. Kazi yako ni nzuri. Ni masikio yangu." Nilitoka nje mpaka kwenye mfereji, nikafungua maji ili majirani wadhani naosha ndoo, nikalia.

Kesho yake nilienda Shauri Moyo kwa Mzee Njoroge, fundi wa redio aliyenionyesha kazi kabla sijaenda chuo chochote. Kibandani kwake palikuwa na desturi moja. Ukitoa kitu ndani ya redio ya mtu, hata kiwe kimeungua, hukitupi. Unakiweka ndani ya kiberiti kitupu, unaandika kilikotoka, na mwenyewe akija unampa redio yake na kiberiti chake. Watu walichukua vile viberiti wakavitunza juu ya kabati kama dawa. Sisi wanafunzi wake tulimcheka mzee kwa hilo.

Nilimweleza yote. Aliendelea kulehemu, hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

"Kiberiti kiko wapi?" aliuliza.

"Nilitupa, mzee."

Akaweka chini chuma chake. "Na baba yako, ulimuuliza anasikizanga nini kwa hiyo kaseti?"

"Nilidhani anasikiliza kwaya."

"Ulidhani. Huyo mzee alizunguka maduka siku tatu kutafuta mashine ya sikio lake, akapata. Wewe ukapanua kiatu cha mtu na hukuuliza mguu. Sasa nani alikuwa kiziwi hapo nyumbani?"

Hakupaza sauti. Angepaza ningejitetea. Nilisimama hapo nikitazama vidole vyangu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba baba hakuwa amefuata bei. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi sikuwa nimewahi kulala ndani ya masikio ya baba yangu. Ule ukali niliouona kasoro ndio uliokuwa mlango wake wa kusikilia.

Jumamosi Mzee Njoroge alikuja kwetu na pakiti ya vipuri. Nikamwandikia baba kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, asije akanijibu ni sawa bila kulisikia swali: Unasikiliza nini kwenye kaseti? Alisoma, akacheka kwa haya kama kijana.

"Mwanzo," alisema. "Kabla hawajaimba."

Tukarudisha kaseti mwanzo kabisa. Mimi siku zote nilisubiri wimbo, hiyo sehemu ya mwanzo nilikuwa sijawahi kuitilia maanani. Viti vinakokotwa, watu wanakohoa, kisha mama anaongea, karibu na redio. "Baba Nekesa, zima hiyo kitu, utamaliza mawe ya redio ya watu bure." Halafu anacheka, kicheko kifupi cha mwanamke anayejua anatazamwa. Ni hayo tu. Baba hakuwa akisikiliza kwaya hata siku moja. Alikuwa akisikiliza mke wake akimgombeza.

Tulifanya kazi mchana kutwa. Mzee Njoroge alilehemu kipuri kimoja, mimi nikarudisha kaseti, baba akaketi mbele ya spika. Tulikubaliana akimsikia ainue mkono. Kipuri cha kwanza, mkono haukuinuka. Cha pili, haukuinuka. Tulitoa na kuweka, tukatoa na kuweka. Kuelekea alasiri mkono ukapanda kidogo, ukasita, ukapanda wote. "Baba Nekesa," alisema akirudia maneno taratibu, "zima hiyo kitu." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Mzee Njoroge akamwonyesha kwa ishara ya mdomo: na kicheko?

Baba akasikiliza tena. Tukarudia mara nne, tano. Tukabadilisha vipuri vyote vilivyobaki kwenye pakiti. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Zamani nilikuwa nakisikia, sasa hakiji. Lakini inatosha, msihangaike. Kicheko chake nakijua. Nitakiweka mwenyewe."

Na ndivyo alivyofanya mpaka Mungu alipomchukua. Kila Jumapili mama alimgombeza, na baba akacheka mahali ambapo mama anacheka, mara nyingine akawahi, mara nyingine akachelewa. Mimi nilikuwa nikisikia vicheko vyote viwili. Sijui kama kile cha mama kilimpotea kwa kazi ya mikono yangu au kwa nyundo zake mwenyewe. Mzee Njoroge alisema huenda ni nyundo. Alikuwa mtu mwema. Majuto ni mjukuu, na wewe mjukuu wangu usicheke, haya yangu yamezeeka pamoja nami.

Sasa nakujibu. Sisemi usiifungue. Mashine ni yako na mikono unayo, umeirithi kwangu. Ila aliyeitengeneza kwa bei ndogo na ikaimba hivyo alipima mambo mengi usiyoyaona, na ukivuta uzi mmoja mwingine hulegea. Kwa hiyo kaa nayo kwanza miezi kadhaa. Sikiliza nyimbo unazozijua mpaka kwenye pumzi za waimbaji. Sogeza spika mbali na ukuta, maana mara nyingi kasoro unayoilaumu ni ya chumba. Ukiona kasoro unayoweza kuitaja kwa jina, chomoa umeme, acha mashine ipoe na umeme uliobaki ndani uishe, ubadilishe kitu kimoja tu, kisha usikilize tena. Usipoweza kuitaja, basi huna kasoro, una hamu, na hamu haitibiwi kwa kulehemu. Na ulichotoa kitunze, andika kilikotoka. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Na kabla hujagusa hata bisibisi, muulize mkeo husikiliza nini humo ukiwa kazini. Muulize, usimkisie. Mwanangu, mtu anayekupenda hatakwambia umeharibu. Atasema asante, atakushika mkono, kisha ataketi na hasara yake peke yake, na wewe utaendelea kutembea na shingo ndefu. Wasiokupenda watakwambia upesi, hao usiwaogope. Ogopa asante ya mtu anayekupenda, na umuulize mapema ili asilazimike kuisema.

Mungu akubarikie mikono hiyo, mwanangu, na akupe moyo wa kuuliza unaolingana nayo. Nyumbani mwako asikosekane wa kukugombeza kwa jina, na masikio yako yadumu umsikie hata anapocheka.