Babu Obadia na Usukani Ulioingia Alizeti

"Babu, kwani treni yako usukani wake uko wapi?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu. Siku hiyo nilikuwa nimebishana na darasa zima kwamba hakuna mtu Manyoni anayekata kona na gari refu kama la babu yangu. Babu Obadia alikohoa, akatazama dari, akasema, "Nenda kamuulize bibi yako." Bibi Rahel akaniambia nikateke maji.

Babu aliendesha treni miaka thelathini na moja. Ufundi wa redio alijifunzia hukohuko kazini: treni ikizuiwa Itigi kusubiri njia, wenzake walilala, yeye alifungua redio ya mtu. Alipostaafu akajenga kibanda nyuma ya stesheni, na hapo ndipo anaponiita "mke wangu" mbele ya wateja mpaka natamani ardhi ipasuke.

Shida ilikuwa baba mdogo Paskali. Yeye anaishi Dodoma na alitaka babu na bibi wahamie kwake. "Baba, redio nani analeta siku hizi? Watu wana simu!" Kila wiki wimbo ni huo huo. Mwezi wa tano babu akachoka, akamwambia, "Sikia. Siku nitakayorudisha kitu cha mtu kikiwa kibovu, nafunga kibanda, nakuja." Bibi akaacha kupeta uwele. Paskali akacheka, akasema anaanza kupaka chumba rangi.

Wiki mbili baadaye akaja Chediel.

Chediel ana chumba cha gemu karibu na soko. Kwenye mnada Kilimatinde alinunua kompyuta ya zamani, nene kama sanduku la bweni, pamoja na usukani wake wa kuchezea mbio za magari, wenye plagi pana ya pini kumi na tano. Alipouweka usukani huo mezani kwa babu, niliduwaa. Usukani mzima kabisa, halafu gari hakuna!

"Shikamoo mzee. Gari linavuta kushoto lenyewe."

"Marahaba. Umeufanya nini?"

"Ulikuwa unalia kwii, kwii. Nikautilia mafuta kidogo."

"Mafuta gani?"

Chediel akaangalia viatu vyake. "Alizeti."

"Alizeti! Wewe Mgogo, huu ni usukani au mlenda?"

"Mzee, ninyi Wanyaturu si mnatia alizeti mpaka kwenye bawaba za milango?"

Kweli kabisa. Za kwetu zote. Babu akajifanya hajasikia, akachukua bisibisi.

Ndani, mafuta na vumbi vilikuwa vimeshikana kama uji uliolala. Chini ya mhimili wa usukani kulikuwa na kidude cha duara chenye miguu mitatu. Babu alikitazama, akaanza kucheka peke yake.

"Mke wangu, njoo uone. Hii ni voliumu ya redio!"

Akanieleza: ukikizungusha, umeme unapita kwa urahisi au kwa shida. Redio inageuza hiyo kuwa sauti, kompyuta inageuza kuwa kona. Basi! Akakipima kwa mita, namba zikaruka kama panzi. Utando wa ndani ulikuwa umelika. Akachomoa voliumu kwenye redio mbovu, akailehemu pale, tukaupeleka kwa Chediel kuujaribu.

Babu akaketi, akashika usukani kwa mikono miwili. Akikata kushoto, gari halisikii. Akigusa tu kulia, linaruka ukutani. Mara ya kwanza, ya pili, ya sita. Vijana waliojaa mlangoni wakaanza.

"Mzee, hapo hakuna reli!"

"Piga honi labda ukuta utahama!"

Babu akainuka, tukaondoka. Tukiwa njiani kurudi akaniambia taratibu, "Mimi sijawahi kuendesha gari hata siku moja. Sasa sijui kibovu ni usukani au ni mimi. Nisipojua hilo, natengeneza nini?" Chediel alikuwa amempa mpaka Jumamosi. Nyumbani babu akashika simu, akatafuta jina la Paskali.

"Unampigia nani?" bibi akauliza.

"Mwanao. Chumba kishapakwa rangi."

"Weka simu chini. Kesho nitakwenda kucheza mimi."

Na kweli alikwenda. Bibi Rahel alifunga kanga vizuri, akaketi, akashika usukani kama anayeshika sufuria ya moto. Kulia, ukutani. Kushoto, kimya. Ukuta ule ule wa jana!

"Basi si wewe, Obadia," akasema. "Mimi sijawahi hata kupanda mbele, na mikono yangu si yako, lakini kosa ni lile lile."

Babu akamwomba azungushe polepole, huku yeye akitazama mikono na gari kwa zamu. "Kushoto inanong'ona," akasema. "Kulia inapiga kelele." Halafu akajipiga paji la uso. "Mimi mjinga! Voliumu ndivyo ilivyo, inaanza kwa kunong'ona halafu inapaa. Hapa nataka kinachokwenda hatua sawa mwanzo mpaka mwisho. Nataka balansi!"

Balansi ni kile kinobu kinachohamisha sauti kutoka spika ya kushoto kwenda ya kulia. Redio moja tu ilikuwa nacho: ile kubwa ya kaseti, ya bibi, ya kwaya za Jumapili.

"Redio yangu usiiguse."

"Nitaunganisha nyaya. Spika zote mbili zitaimba."

"Na zikigoma?"

"Tutakwenda kuzisikilizia Dodoma."

Bibi akaenda kuileta redio mwenyewe.

Jumamosi gari lilinyooka kama mstari wa rula. Kushoto lilitii, kulia likatii. Chediel alizunguka mara nne bila kugusa ukuta, akapiga kelele mpaka watu wa sokoni wakaja. Babu akampigia Paskali palepale. "Hicho chumba lazeni wageni," akasema, akakata simu.

Halafu akaketi yeye. Kona ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu akavamia mti, akashangilia.

"Hapo ni mimi! Mnaona? Usukani mzima, kibovu ni mimi!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye akageuka kunitazama, mikono bado iko kwenye usukani.

"Usukani wa treni haukuwepo, mke wangu," akasema. "Kona ilikuwa inakatwa na reli. Mimi nilikuwa napunguza mwendo na kupiga honi."