Harusi Yangu Inangoja Tasnifu ya Mchumba Wangu

Mnifichie jina tafadhali, kwa sababu mchumba wangu husoma ukurasa huu. Nina miaka ishirini na tisa, naishi Majimbo hapa Embu, na kazi yangu ni kupiga chapa kwa kompyuta katika ofisi moja mjini. Yeye anafundisha hesabu katika shule moja huko Mitunguu. Aliniahidi tutaoana akimaliza tasnifu yake ya udaktari, nami kwa mapenzi nikasema nitamsaidia. Laiti ningejua!

Tasnifu aliiandika ng'ambo alikokuwa akisoma, chini ya profesa wa huko, kwa LaTeX, programu ya wanahesabu ambayo unaandika amri, kisha kompyuta inapanga kurasa. Profesa wake wa pili, wa Nairobi, hataki hata kuisikia. Anataka disketi ya programu ya kawaida ya ofisini ili asahihishe. Basi nabadilisha. Nikibadilisha, hesabu zote zinageuka takataka. Nazichapa upya moja moja, na alama zinazokataa naziachia nafasi, nazichora kwa kalamu kwenye nakala ya karatasi inayoenda pamoja na disketi. Huyo akishasahihisha, yule profesa wa ng'ambo anaitaka tena kwa LaTeX. Narudi mwanzo. Jamani nimechoka, macho yananiuma, na wadogo zangu wote wameshaolewa.

Nilipoenda kwao, mama yake alinishika mkono akamwuliza mwanawe, "Sasa kwa akina huyu mwari tutaenda lini? Kondoo ya mahari imezeeka hapa ikingojea."

Akacheka. "Mama, wacha kitabu iishe kwanza."

Juma lililopita profesa wa Nairobi alipita Embu, tukampelekea disketi pamoja. Nilivaa vizuri, nikijua leo natambulishwa. Mchumba wangu akasema, "Prof, huyu ni typist wangu. Ni mtu wa kutegemewa sana."

Profesa akafurahi, akaniuliza kama naweza kumfanyia na ya mwanafunzi wake mwingine.

Tukitoka nilimwuliza kwa nini hakusema mimi ni nani. "Si hiyo ni mambo ya nyumbani?" akajibu. "Yeye alitaka tu kujua nani anabadilisha hiyo kazi." Moyo uliniuma sana.

Sasa disketi imerudi kwangu, sura zote ziende LaTeX, eti mara ya mwisho. Nampenda, sikatai. Lakini nisipoimaliza hatanioa, na nikiimaliza naogopa hatakuwa na haja na mimi tena. Ndugu wasomaji, nishaurini: niimalize ama nimrudishie?